Chuma cha Pipa la Mama

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeketi kwenye benchi la hospitali, ini lake limevimba, ambaye amekwisha kusema mara kadhaa kwamba hanywi pombe na hakuna aliyemwamini. Mimi nilikaa kwenye benchi hilo. Sitaeleza jinsi ini linavyofanya kazi. Hayo wataalamu watakueleza, na wasipokueleza waulize mpaka wachoke. Nitasema tu yaliyonipata, kwa sababu nilipokuwa ndani yake nilitafuta mtu aliyewahi kuyapitia nikamkosa.

Ilianza mkononi. Tulikuwa Mtera, mvua zimekatika na bwawa limejaa, tukikusanya majibu ya wavuvi kwa ajili ya utafiti fulani. Hiyo ndiyo kazi niliyoipata baada ya chuo, kuwauliza watu maswali kwa mikataba mifupi mifupi. Ilinifaa. Tangu utoto nilikuwa mtu wa kuuliza, mpaka mwalimu mmoja wa sekondari akawa ananiita Kwanini badala ya Ndahani. Basi asubuhi hiyo mvuvi mmoja mwenye kiganja kama jembe alinisalimia kwa kunishika mkono, akaubana kwa furaha, nami nikapiga kelele mbele ya wenzangu.

"Kijana, mbona nimekushika tu!" alisema akicheka. "Mikono ya ofisini hii, haijawahi kuvuta nyavu."

Nilicheka naye. Lakini vifundo vya kidole cha shahada na cha kati viliuma mpaka jioni, mikono yote miwili, na kuanzia siku hiyo havikuacha. Dodoma, nilikoishi, ni mji wa kushikana mikono. Huwezi kuingia ofisini, dukani wala msibani bila kutoa mkono. Nikaanza kutembea na simu kwenye mkono wa kulia ili niwe na kisingizio.

Baada ya mikono ukaja uchovu. Sisemi uchovu wa kazi. Nilikuwa naamka kwenye chumba changu cha kupanga pale Ipagala nikiwa nimechoka kuliko nilivyolala. Kisha ngozi. Dada yangu Yunisi ndiye aliyeiona kwanza. Alikuwa akinijia karibu kila wiki kutoka nyumbani Ihumwa, akiniletea dumu la togwa kutoka kwa mama, na siku moja aliliweka dumu mlangoni akanitazama usoni kwa muda.

"Umekuwa na rangi gani hii? Kama umekaa jikoni kwenye moshi."

"Jua la Mtera."

"Jua halimfanyi mtu awe na rangi ya majivu, Ndahani." Akasogea karibu, na kabla sijajua anachotaka, akanusa mdomo wangu.

Sikumuuliza alikuwa anatafuta nini. Nilijua. Katika familia yetu harufu hiyo ilikuwa imetafutwa kabla yangu, kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa. Hakunywa pombe, tulikua tukijua hivyo kama tulivyojua jina lake. Nilipokuwa kidato cha pili alianza kuchoka, akawa mweusi kwa namna ya ajabu, kisha mikono ikakonda na tumbo likajaa maji. Kwetu kila mtu anajua tumbo la namna ile ni la nani. Watu walikuja kumjulia hali, wakaketi, wakatazama lile tumbo, wakatazamana. Alipofariki, wazee wenzake wa kanisa hawakulibeba jeneza lake. Ni desturi yao kumbeba mwenzao, wote wakiwa na suti nyeusi, kutoka mlango wa kanisa mpaka kaburini. La baba lilibebwa na vijana wa mtaani waliookotwa pale pale, mmoja wao amevaa kandambili. Mama alitembea nyuma ya jeneza akitazama zile kandambili, na nadhani bado anazitazama.

Kwa hiyo nilipokwenda hospitali na daktari akaanza na swali, "Unakunywa?", nilisikia baridi.

"Hapana, dokta."

Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya upole na macho yasiyosamehe. "Mimi si mchungaji wako," alisema. "Hata mama yako hatajua. Bia? Za kienyeji? Mvinyo? Hapa kila nyumba ina zabibu."

"Sijawahi kuonja."

"Sawa," alisema, kwa namna ambayo maana yake si sawa. Majibu ya damu yalionyesha ini halipo vizuri. Kipimo cha tumbo, kile cha kupakwa majimaji ya baridi, kilionyesha limevimba. Homa ya ini haikuonekana. Dawa za kienyeji sikuwa nimetumia. Alibaki na swali lake na mimi nikabaki na jibu langu.

Kwenye benchi nje nilikuwa naketi na mzee mmoja muuza samaki, naye tumbo lake limejaa. Alikuwa na mzaha usioisha. "Mimi nilikunywa," aliniambia, "nilikunywa yangu na ya jirani. Wewe usiyekunywa, mbona tumeketi benchi moja? Au kuna mtu alikuwa anakunywa kwa tumbo lako?" Watu walicheka. Nami nilicheka, kisha usemi wake ukakataa kutoka kichwani mwangu. Siku nyingine nilifika nikakuta nafasi yake haina mtu. Sikuuliza, na mimi ni mtu wa kuuliza.

Sasa nieleze ile togwa, uji wa mtama uliochacha usiolevya, kwa sababu ndiyo iliyokuwa chakula changu karibu pekee wakati huo. Nyama ilinitapisha, ugali ulikuwa mzito. Togwa ilishuka.

Shirika la umma alilokuwa akifanyia kazi baba lilipobinafsishwa, yeye na wenzake walipunguzwa, na katika vitu vilivyogawanywa siku ile ya mwisho yeye aliambulia mapipa mawili ya chuma yaliyokuwa ya mafuta ya kula. Mama aliyachemshia maji ya majivu mpaka harufu ikaisha, akaanza kupika togwa ya mtama ya kuuza pale Ihumwa, karibu na reli. Pipa moja lilifanya kazi, la pili likasubiri. Alikuwa na utaratibu wake. Pipa halisuguliwi kwa mchanga wala sabuni. Halimalizwi, togwa kidogo hubaki chini kila mara, ichachushe uji mpya na kimea kitakachofuata. Hivyo ndivyo alivyopata togwa yenye rangi ya udongo mwekundu na ladha ambayo wapishi wengine hawakuipata. Wateja walisema ina damu. Waliwanunulia wajawazito na watoto waliotoka kuugua. Togwa hiyo ilitusomesha mimi na Yunisi. Na nyumbani kikombe cha kwanza cha kila asubuhi kilikuwa cha baba, kilichotekwa chini kabisa, penye uzito. Baba alipoondoka, kikombe kikawa changu.

Mama aliposikia ninaumwa aliongeza. Dumu moja likawa mawili. "Kunywa, baba," alinisisitiza kwenye simu. "Huna damu wewe. Kunywa iliyolala pipani."

Nilikunywa iliyolala.

Kiangazi kilipoanza kukausha kila kitu, daktari aliniandikia MRI. "Nataka kujua ndani ya hilo ini kuna nini," alisema. "Mafuta, au kitu kingine." Niliuliza kitu kingine ni nini, akasema tusubiri picha.

Mtaalamu wa picha alikuwa dada wa rika langu aitwaye Sada, mzaliwa wa mjini, hijabu yake imebanwa vizuri na ulimi wake mwepesi. Alinilaza, akanifunga kitu kama ngao juu ya tumbo, akanivalisha vizibo vya masikio, akaniwekea mkononi kimpira cha kubonyeza nikizidiwa. Nikaingizwa ndani ya lile shimo. Sauti yake ikaja kwenye masikio yangu: "Vuta pumzi. Toa. Bana, usipumue." Kisha mashine ikaanza kugonga.

Sikuweza. Tumbo lilikuwa limenibana mpaka mapafu, na kila nilipobana pumzi kikohozi kilikuja kama mtu anayesukuma mlango. Tukarudia. Tukarudia tena. Mwishowe alinitoa nikiwa nimelowa jasho.

"Umetikisika kila mara," alisema, si kwa ukali. "Hii picha ni kama mtu amepitisha mkono juu ya wino. Siwezi kumpelekea dokta."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo atakuambia yeye."

Daktari aliniambia. Njia nyingine ilikuwa sindano ndefu ya kuchomoa kipande cha ini, lakini damu yangu ilikuwa imeanza kuchelewa kuganda, na yeye hakutaka kunichoma. Kulikuwa na njia mpya kwenye mashine ile ile, ambayo mgonjwa anapumua kama kawaida na picha inatoka. Waliahidiwa kwamba ingewekwa karibuni. "Tusubiri," alisema.

Kusubiri ni ugonjwa wa pekee. Mkataba wangu wa kazi uliisha, sikuomba mwingine. Upepo wa kiangazi ulileta vumbi chini ya mlango, nami nilikuwa naliona linaingia na kulala sakafuni bila nguvu ya kufagia. Kifundo cha mguu nikikibonyeza, kidole kiliacha shimo. Nilikumbuka kufanya hivyo kwenye mguu wa baba nikiwa mwanafunzi, nikishangaa shimo lisilorudi. Mkanda wangu wa suruali ulihama tundu, kisha mwingine, kuelekea nje, ingawa mikono ilikuwa inakonda. Asubuhi nilisimama mbele ya kioo kidogo nikaona mtu ninayemfahamu. Alikuwa baba.

Yunisi alikuja na mchungaji siku moja, bila kuniambia. Mchungaji aliniombea vizuri. Alipomaliza alinishika bega. "Kijana, Mungu hupenda mtu anayekiri." Nilimuuliza nikiri nini. Alimtazama Yunisi. Yunisi alitazama sakafu. Nikawaambia watoke wote wawili, na dada yangu hakunijia tena kwa muda mrefu. Madumu yalikuja na bodaboda.

Habari ya mashine ilikuja wingu la kwanza lilipotokea upande wa Ihumwa. Sada alinipokea kama mtu anayemjua. "Leo hubani chochote," alisema. "Pumua kama uko kwenu. Mashine yenyewe itafuata pumzi zako."

"Itafuataje? Kitu kinachotembea kinapigwaje picha?"

"Wewe ndiye yule wa maswali." Alitabasamu. "Inachukua vipande vingi wakati wewe unapumua, halafu inapanga kila kipande mahali pake, cha kuvuta na cha kutoa. Umeridhika?"

"Bado."

"Basi lala hivyo hivyo bila kuridhika."

Nililala. Mashine iligonga, ikanyamaza, ikagonga kwa mlio mwingine, kama mafundi wawili wanaofanya kazi kwenye nyumba tupu. Nilipumua. Hakuna aliyenikataza. Kwa mara ya kwanza tangu Mtera hapakuwa na mtu anayenitaka niseme neno, na nadhani nilisinzia. Hiyo naihesabu katika rehema ndogo ndogo nilizopata. Kama unaogopa kipimo hiki, ogopa vingine. Hiki kimekupa ruhusa ya kupumua.

Kisha sauti ya Sada ikaja masikioni, na haikuwa na mzaha. "Ndahani, umewahi kuongezewa damu?"

"Hapana."

"Utotoni? Ajali? Upasuaji?"

"Sijawahi."

Nilisikia akimwita mtu mwingine aje atazame kioo chake. Hawakujua kwamba sauti ilikuwa bado wazi. Huyo mtu alisema tu, "Yesu wangu."

Daktari alinionyesha picha mwenyewe. Kwanza ini la mtu asiyeumwa, la kijivu, kama wingu. Kisha langu. Lilikuwa jeusi. Halikuwa na weusi wa kivuli. Lilikuwa jeusi kama sehemu iliyokatwa kwenye karatasi, na pembeni yake viungo vingine vyote vilikuwa na nuru yake ya kawaida.

"Mafuta ni kidogo," alisema. "Hiki ni chuma. Madini ya chuma yamejaa mpaka mashine inashindwa kuona kitu kingine. Watu wenye ini hili huwa wameongezewa damu miaka mingi. Wewe hujawahi." Akavua miwani. Nadhani ndiyo siku aliyoanza kuniamini. "Sasa tuanze upya. Sikuulizi pombe. Nakuuliza unakula nini na kinapikwa kwenye nini."

Nilifungua mdomo nijibu, jibu likanitangulia. Niliona mkono wa mama ukiteka chini kabisa, penye uzito.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema uji uliochacha unakaa kwenye chuma kitupu, unakitafuna taratibu, na anayekunywa anakunywa chuma. Wengi hawadhuriki sana. Lakini kuna miili inayokamata chuma na kukataa kukiachia, na tabia hiyo hurithiwa. Wanawake hupoteza damu kila mwezi, na hilo huwasaidia.

"Baba yangu alikufa tumbo limejaa maji," nilisema. "Hakuwa akinywa."

"Sina picha ya baba yako," alijibu. "Siwezi kukuambia kitu nisichokiona. Huenda."

Nilirudi Ipagala kwa miguu. Miaka yote nilikuwa nikitaka jibu moja katika maisha, baba aliugua nini hata wazee wale wakakataa kulibeba jeneza lake, na sasa nilikuwa nalo, na sikulitaka. Kama ni kweli, baba alikuwa msafi kama alivyosema. Na kama ni kweli, aliyemuua alikuwa akimpa kikombe kwa mikono miwili kila asubuhi, akipiga goti kidogo, akimwambia, kunywa baba Ndahani.

Hata hivyo mimi si mtu wa kuamini kitu kwa sababu kinauma. Rafiki yangu aliyebaki kufundisha maabara ya chuo alipima togwa ya dumu na nyingine niliyoipika kwenye ndoo ya plastiki. Hakunipa hotuba. Alipiga simu akasema, "Hiyo ya dumu, mwaga."

Nilimwita Yunisi. Alikuja amenuna, nikamweleza yote, akalia. Aliniomba msamaha kwa kuninusa mdomo, nikamwambia ameninusa kwa upendo, yaishe. Kisha tukafika kwenye jambo lenyewe.

"Pipa lazima liachwe," alisema. "Watu wanakunywa. Mimi nanyonyesha, nanywa. Lakini mwambie limechoka tu, limeota kutu. Usimtaje baba."

"Atauliza."

"Mama hajawahi kuuliza kitu. Wewe ndiye unayeuliza. Safari hii nyamaza, kaka. Ukimwambia, tutazika mwingine."

Nilikubali. Kwa mara ya kwanza niliahidi kutosema ninachokijua. Yunisi alikwenda Ihumwa akasema habari ya kutu, mama akaitikia, akaazima masufuria. Hakuuliza lolote, na hilo lilitutia hofu kuliko angeuliza.

Matibabu yalianza na mvua. Katika nchi ambayo kila mgonjwa anatafutiwa damu, dawa yangu ilikuwa kutolewa. Kila baada ya muda fulani niliketi kwenye kiti, nesi akachoma, mfuko ukajaa taratibu kando yangu, mweusi na wa moto ukiugusa. Nikapimwa, nikapumzika wiki, nikarudi. Nilipotoa mfuko wa kwanza, watu walikuwa wanapanda mtama. Mifuko ilipozidi kidogo, mtama ulikuwa umefika magotini. Hivyo ndivyo nilivyoujua msimu ule. Nilikuwa nikitoka pale nikitembea kama mzee, nikishika kuta.

Mama alisikia kwa jirani. Alikuja hospitali amevaa kitenge cha msibani, hakubisha hodi, akaingia hadi kwenye kiti changu.

"Mtoeni sindano."

"Mama, shikamoo, tafadhali," nesi alianza.

"Sina marahaba ya kukupa. Mtoto hana damu, amekuwa kama majivu, na ninyi mnamnyonya? Zamani mumiani walijificha porini. Siku hizi wanavaa vitambulisho shingoni!"

Benchi zima lilicheka, hata nesi. Mama hakucheka. Aliugusa ule mfuko kwa kiganja, akaushika kama anapima uzito wa kuku. Kisha akanitazama.

"Wanatoa nini humu?"

"Chuma, mama."

"Chuma cha wapi?"

Nilikuwa na jibu la Yunisi tayari mdomoni. Kutu. Pipa limechoka. "Cha pipa," nilisema, nikanyamaza kama nilivyoahidi.

Mama aliketi. Alisubiri mpaka mfuko ukajaa, nesi akachomoa, akafunga pamba. Akanisaidia kusimama. Mlangoni ndipo aliposema, "Ukipata nguvu, njoo nyumbani. Kuna kitu nataka ukitazame kwa macho yako ya chuo."

Nilikwenda mchana wa jua, mvua imepumzika, reli inameremeta. Nyuma ya nyumba alikuwa amelitoa pipa la kwanza, lile la zamani. Tangu lilipotoboka alikuwa amelifanya kibanda cha kuku. Kuku walikuwa wamefukuzwa, limeoshwa, limelazwa ubavu. Kando yake lilisimama la pili.

"Haya mapipa yalikuja siku moja," alisema. "Yalikuwa sawasawa. Baba yako aliyagonga yote mawili kwa kijiko, yakalia sauti moja." Akaokota kijiko cha mbao, akagonga la pili. Lililia. Akagonga chini ya la kwanza, penye uzito, likatoa sauti ya karatasi kavu. Akaingiza mkono kwenye tundu, vidole vikatokea upande wa pili. Ukingo wake ulikuwa mwembamba kama ganda la yai.

"Lilitoboka msimu ule ule aliozikwa. Nilidhani ni uzee." Alitazama vidole vyake. "Chuma hakichomeki, hakinyweki, hakiendi na upepo. Sasa niambie, Ndahani. Hiki kilichokuwa hapa kilienda wapi?"

"Mama, daktari hana picha ya baba. Hatuwezi kusema. Huenda."

"Wewe kaa na hiyo huenda yako. Mimi ndiye niliyempa kikombe."

Nilitaka kumwambia hakujua, kwamba hakuna aliyejua, kwamba Ihumwa nzima waliinywa na kuisifu. Nilisema yote hayo. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza wauza dawa za minadani.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, alisimama. Kwetu watu husimama kushukuru kwa kupona, kwa safari njema, kwa mtoto kufaulu, na kanisa huitikia kabla hawajamaliza. Mama alisimama na watu wakaanza kuitikia, wakidhani anashukuru kwa ajili yangu. Alisubiri wanyamaze.

"Mume wangu hakunywa pombe," alisema. "Mwanangu amepigwa picha, ini ni jeusi kwa chuma, na chuma kimetoka kwenye pipa langu. Ugonjwa wa yule na wa huyu ni mmoja. Macho yangu yanaona. Nilimpa mimi, kila siku, kwa mkono wangu, nikidhani namlisha. Ninyi wazee mlioketi mbele hamkumbeba. Leo sitaki mumbebe. Nataka tu mjue mlimwacha mtu msafi, na kama mnamtafuta mwenye kosa, ni huyu amesimama."

Akaketi. Hakuna aliyeitikia. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kwaya ilisahau zamu yake. Yunisi alinishika mkono, kwenye vile vifundo, kwa nguvu zote, na sikuuvuta.

Nimeendelea kutolewa damu msimu wote. Juzi Sada alinipiga tena picha, nikipumua. Ini limeanza kuwa kijivu pembezoni. Katikati bado ni jeusi, na daktari anasema kuna makovu yasiyofutika. Hawaahidi. Nami siwezi kukuahidi. Yunisi na mtoto wake wamepimwa damu, ya dada iko sawa, ya mtoto itapimwa tena akikua. Kama mzazi wako alikufa kwa tumbo la namna ile na wewe umeanza kuwa na rangi ya majivu, usibishane na mtu kuhusu pombe. Omba wakupime chuma.

Togwa ya mama sasa inachachuka kwenye ndoo. Ni nyeupe, na wateja wanailalamikia. Wamepungua. Wiki hii nilikuwa nimeketi kibarazani Ihumwa, mwanamke mmoja wa pale pale, aliyekuwepo kanisani siku ile, aliyesikia kila neno, akaja na toroli.

"Mama Ndahani, lile pipa zima bado ninaliona pale nyuma. Kama hulitumii, si unipe? Ile rangi ya kwako wateja wananiuliza mimi."

Mama alilitazama lile toroli. "Subiri hapo," alisema. Alizunguka nyuma ya nyumba, na tukasikia sururu ikilitoboa pipa. Lilikuwa zima kuliko la kwanza, lenye chuma kingi bado. Lililia kwa sauti kubwa kila alipopiga, na yule mwanamke alisimama na toroli lake akisikiliza, mpaka sauti ikawa ile ya karatasi.